Vashrambhai na Behewa Namba Kumi na Nne

Na Alarakha Pinjara, kitengo cha mito na mapazia, Karakana ya Mabehewa, Vejalgadh

Tarehe 31 Machi 1957 Mistri, yaani fundi, Vashram Kanji Suthar, ambaye sisi humwita Vashrambhai, anastaafu baada ya kuitumikia reli kwa miaka arobaini kamili. Ukiuliza ni reli ipi, hapo ndipo watu wanapoanza kukuna vichwa. Aliajiriwa na Reli ya Dola ya Vejalgadh, enzi za mtawala wetu, Thakor Saheb. Dola ndogondogo zilipounganishwa akaamka mtumishi wa reli ya Saurashtra. Leo anaagwa na Reli ya Magharibi. Ubao wa getini umeandikwa upya mara mbili, na mara zote mbili yeye ndiye aliyeitwa kuuranda. Mwenyewe akiulizwa anafanya kazi wapi hujibu, "Pale penye benchi langu."

Karani mkuu aliponikabidhi kazi ya kuandika wasifu huu kwa ajili ya jarida letu la reli aliniambia, "Alarakha, iwe fupi, iwe ya kuchekesha." Ya kuchekesha naiweza. Fupi nimejaribu, nimeshindwa, kwa sababu kuna jambo moja katika utumishi wa mtu huyu ambalo halijawahi kuandikwa jinsi lilivyotokea, na mimi nilikuwapo.

Vijana wa karakana humtambua kwa penseli. Asubuhi anaichomeka sikioni, saa nne anaitafuta chini ya benchi, kwenye chungu cha gundi na mfukoni mwa jirani. Lakini mpe kipande cha mbao akinuse, atakuambia kilikatwa lini na kama kilianikwa kwa pupa. Misumari haipendi. Husema msumari leo unashika, kesho unaachia, ilhali kiungo cha mbao kwa mbao ni kama ndoa ya zamani, kinakaza kadiri kinavyozeeka. Chai hunywa kwenye kisahani, kwa sauti, na hapo hapaswi kusemeshwa.

Sasa mwaka 1931.

Majira ya pamba kupasuka, mkuu wa karakana, marehemu Pestonji Sukhadvala, Mparsi mwenye kofia nyeusi na sauti ya honi, alitukusanya wote. Ba Saheb, mke wa Thakor Saheb, aliyekuwa ameolewa miaka minne nyuma kutoka Rajputana, alikuwa anakwenda kwao kwenye harusi ya kaka yake. Reli yetu ilikuwa ya maili sitini na mbili tu, mpaka makutano ya Dholvav. Kutoka pale behewa lake lingefungwa nyuma ya treni ya barua ya reli kubwa. Na behewa hilo halikuwapo. Tulikuwa na wiki saba za kulipata.

Likachaguliwa namba kumi na nne, la daraja la pili, lililozoea kubeba mawakili na wafanyabiashara wa karanga. Tuling'oa viti vyote. Palitakiwa chumba cha kulala, bafu lenye beseni la shaba, rafu ya kuabudia, chumba cha mtumishi, na fremu milangoni za kuning'iniza turubai, ili wanawake wa kasri, wanaokaa utawani, watoke kwenye gari na kuingia behewani bila kuonwa na mtu. Mbao zote alipewa Vashrambhai, ijapokuwa alikuwa na miaka ishirini na tisa. Fundi mkuu wetu alikuwa na mtoto wa jicho na alikuwa anapapasa tu. Kila mtu alijua kwamba mzee yule akiondoka, kiti ni cha Vashrambhai.

Kutoka kwa Waziri Tripurashankar ilikuja karatasi yenye mhuri: dirisha lisiwepo, wala tundu lolote linaloweza kupitisha jicho la mwanamume.

Amri ya Waziri haikuwa ya kuchezea. Mwaka uliotangulia mwashi mmoja alijibu kwa mkato mbele yake, akapewa saa ishirini na nne avuke mpaka wa dola. Vashrambhai alikuwa na mama aliyepooza, na mkewe, Kankuben, alikuwa mjamzito.

Siku ya tatu akaja Jivi, mtumishi wa kasri, mwanamke mrefu mwenye bangili za fedha miguuni na ulimi wa wembe.

"Mistri, Ba anasema awekewe dirisha. Kubwa, la kutazama nje."

Vashrambhai akamwonyesha ile karatasi.

"Mimi kusoma sijui," Jivi akasema. "Kusema najua. Nimeshasema."

Kesho yake akarudi. "Mistri, Ba anasema asione dirisha hata moja. Akiona hata upenyo wa mwanga hapandi."

"Jiviben! Si jana tu umesema dirisha kubwa?"

"Jana Ba alisema vile. Leo Ba amesema hivi."

"Ba yuleyule?"

"Ba ni Ba. Au unataka niende nikamuulize, samahani, wewe ni Ba yupi?"

Wiki ile alikuja mara tano. Dirisha. Hakuna dirisha. Dirisha, na liwe upande wa kitanda. Hakuna dirisha, na mwenye kuliweka alaaniwe. Mafundi waliacha kazi wakawa wanamsubiri Jivi kama watu wanaosubiri matokeo ya mieleka. Pestonji alijipiga kipaji cha uso: "Malkia mmoja, vichwa viwili! Mungu, nihurumie!" Tukacheka. Hatukujua jinsi alivyoukaribia ukweli.

Mara ya sita Jivi alileta kitambaa chembamba chenye fundo moja. Kutoka ncha mpaka kwenye fundo, alisema, ndicho kipimo cha Ba kutoka anapokalia mpaka kwenye macho. Vashrambhai akakishika juu ya benchi. Fundo lilifika kifuani pa mtu mzima aliyekaa.

"Hiki ni kimo cha mtoto wa miaka minane," akasema.

"Ndicho nilichopewa."

"Ba Saheb ana miaka ishirini na zaidi!"

"Mistri, wewe randa mbao. Kupima watu si kazi yako."

Hapo ndipo nilipoingizwa mimi. Kipimo cha macho kinategemea mto, na mto wa pamba hubonyea kwa uzito wa mtu. Vashrambhai akauliza kwa adabu yote aliyokuwa nayo, "Jiviben, Ba akikaa, mto unazama kiasi gani?"

"Una wazimu? Unataka nichapwe?"

"Alarakha hawezi kushona bila kujua."

Jivi akatazama huku na huku, akainama. "Kama akikaa paka," akanong'ona, akaondoka.

Kwa siku mbili Vashrambhai hakugusa randa. Hata penseli hakuitafuta. Mimi nilimshauri amtii mwenye mhuri, kwa kuwa Jivi hana mpaka wa kumvusha mtu. Siku ya tatu, tukiwa tunakula mkate wa uwele na vitunguu kando ya behewa, akasema:

"Alarakha, mtu akikutumia maneno mawili yanayopingana, na huruhusiwi kumuuliza, dawa ni moja tu. Yatimize yote mawili."

Upande wa kusini aliufunika mbao tupu, bila hata ufa. Upande wa kaskazini, wa kitanda, alipanga vibao vyembamba vya msaji, kimoja juu ya kingine, kila kimoja kikiwa kimelazwa kwa pembe yake. Ukisimama nje uliona ukuta wa mbao wenye michirizi mizuri. Ukikaa ndani ukiwa na urefu wa kawaida uliona mbao vilevile. Lakini macho yakiwa pale hasa penye fundo, kwenye mto wangu uliobonyea kama kwa paka, vibao vyote vilifunguka kwa pamoja, na ulimwengu ukaingia.

Tukamjaribia Pestonji. Mimi nilipiga magoti ndani mpaka macho yakafika kwenye fundo. Yeye akasimama nje na mafundi.

"Unaona nini?" akanguruma.

"Naona vifungo vyako, Sheth. Viwili vimeachia."

Akavifunga haraka. "Mimi sioni kitu ila mbao!" Nilimtolea ulimi, hakujibu. Nikamkunjia uso; hakujibu. Mafundi nao wakataka zamu. Mwishowe Pestonji akavua kofia akajipepea. "Nitaandika, upande wa kaskazini, vibao vya kupitisha hewa. Na wewe Vashram, Waziri akikaa pale akaona hata kunguru, mimi sikujui, baba yako simjui, na kazi hii sikuiona."

Waziri alikuja siku nne kabla ya safari. Mtu mrefu, kilemba kikubwa, fimbo yenye kichwa cha fedha. Alizunguka nje akipapasa vibao kwa kidole. Akapanda, akakaa kitandani, akatazama kaskazini. Mbao. Akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha fimbo ikamteleza ikaanguka, naye akaanza kuinama kuiokota. Kilemba kikashuka, uso ukashuka, ukawa unakaribia palepale penye fundo. Vashrambhai aliruka kama aliyeumwa na nge, akaiwahi fimbo, akampa kwa mikono miwili akiwa bado amepiga magoti.

"Una heshima," Waziri akasema. "Nimependa."

Vashrambhai alipotoka nje alikaa juu ya reli.

Siku ya safari sote tuliamriwa tuelekee ukutani, nyuso zikigusa matofali, wakati wanawake wanapita ndani ya turubai. Tulisikia bangili za Jivi. Tukasikia hatua nyepesi za msichana. Kisha, taratibu sana, hatua za kuburuza, na fimbo: ko, ko, ko.

Vashrambhai aliongea bila kugeuka. "Wako wawili."

Nadhani karakana nzima ilielewa kwa pamoja, nyuso zikiwa bado ukutani. Kumbe Ba mkubwa, mjane, mamake Thakor Saheb, naye alikuwa anasafiri. Kasrini wote wawili huitwa Ba, yaani mama, na wote wawili walimtuma Jivi yuleyule. Wiki zote zile tulidhani tunahangaishwa na mwanamke mmoja asiyejua anachotaka.

"Basi kijana ndiye wa dirisha," nikanong'ona. "Mzee ndiye anayekataza. Wazee ndivyo walivyo."

"Na kitambaa?" Vashrambhai akauliza.

Tukaamriwa tugeuke.

Sisi wawili tulisafiri nyuma, kwenye behewa la gadi, msimamizi wa treni, mmoja wa kushughulikia mbao, mwingine mito. Kama maili ishirini hivi, katikati ya mashamba, treni ilishtuka, ikapiga kelele, ikasimama. Mnyororo wa kusimamishia treni ulikuwa umevutwa kutoka namba kumi na nne. Jivi alikuwa mlangoni, anatupungia.

Tulikimbia vichwa chini. Vashrambhai akaita, "Jiviben, kimevunjika nini?"

"Hakuna kilichovunjika. Geukeni, lipeni mgongo behewa." Tukageuka, tukatazama shamba. "Ba anasema treni inakwenda mbio mno. Hajamaliza kutazama."

Tukatazamana.

"Na anauliza," Jivi akaendelea, "hivyo vyeupe vyote ni chumvi?"

"Ni pamba," Vashrambhai akasema.

Ikafuata sauti nyingine, kutoka nyuma ya vibao, ya kizee, kavu, iliyo karibu sana. "Pamba? Hiyo iliyo chini hapo? Mimi nilidhani pamba ni mti. Mti mkubwa, wenye kivuli."

"Ba!" Jivi akapiga yowe.

"Nyamaza. Wamenipa mgongo. Nani atajibu?"

Mimi ni mpinjara, nimechambua pamba tangu nikiwa na miaka sita, baba yangu alichambua, babu yangu alichambua. Mdomo ulifunguka wenyewe. "Ni kichaka tu, Ba. Kinafika kiunoni. Majira haya vitumba vinapasuka, na maganda yake yanachoma vidole."

"Niletee kimoja."

Nikashuka shambani nikachuma, nikarudi kinyumenyume kama kaa, nikampa Jivi.

"Na wale wanaoinama ni nani?"

"Waokotaji, Ba."

"Wanawake?"

"Wanawake, Ba."

"Hawajafunika nyuso?"

"Wamejifunika jua tu, Ba," Vashrambhai akasema.

Akacheka. Sikuwahi kusikia kicheko cha kasri, na sikutegemea kwamba kitafanana na cha bibi yangu. Akauliza habari za kisima na ng'ombe wanaovuta kiriba cha ngozi, na kwa nini wanarudi nyuma kila wakifika mwisho. Akauliza wale wenye mbuzi wanalala wapi. Kisha akanyoosha swali kwenye nyumba za udongo zilizokuwa mbele yetu.

"Kijiji kile?"

"Khijadiya, Ba."

"Ni chetu?"

"Ni chenu, Ba."

"Nililetwa kwenye dola hii nikiwa na miaka kumi na mitatu, ndani ya machela, mapazia yameshonwa. Vijiji themanini na vinne, na kila kimoja kinaniita mama. Hiki ndicho cha kwanza kukiona."

Ndipo tukasikia sauti ya tatu, changa, iliyojaa hofu. "Ba, twende, nakuomba. Watu watakuja." Huyo ndiye Ba mdogo, aliyekuwa amekaa upande wa kusini, shali usoni. Jivi alitueleza baadaye siku ileile. Siku alipoletwa kama bibi harusi, umati wa Dholvav ulibandika nyuso kwenye vioo vya behewa lake mpaka kimoja kikapasuka. Tangu siku ile, dirisha kwake ni kitu cha kutisha. Kwa hiyo yule tuliyedhani anataka kuona ndiye aliyetaka kufichwa, na yule tuliyedhani anaficha ndiye aliyetaka kuona, na kitambaa kile kilikuwa kipimo cha mgongo wake uliopinda kwa uzee. Nimeligeuza jambo hili kichwani kwa miaka ishirini na mitano na bado linanipa kizunguzungu.

Dakika arobaini zilipita. Gadi alikuja na kitabu chake, jasho linamtoka.

"Mistri, lazima niandike sababu ya kusimama. Niandike nini? Niandike Ba Saheb anatazama pamba?"

Vashrambhai hakufikiri hata kidogo, au labda alikuwa ameshafikiri. "Andika mlango. Bawaba ya mlango ililegea, fundi akasimamisha treni akaikaza."

"Hiyo ni kazi yako. Watakumeza."

"Andika."

Dholvav tulikuta treni ya barua imeshaondoka. Wanawake wa kasri walikaa saa tisa kwenye njia ya kando, juani, watu wa reli nyingine wakinong'ona kwamba dola ya Vejalgadh haiwezi hata kufunga mlango. Simu ilifika kwa Waziri kabla yetu.

Tuliporudi tulimkuta ameketi kibarazani, fimbo magotini.

"Mlango wa Ba Saheb ulifunguka njiani?"

"Ulilegea, Saheb. Bawaba. Ni kazi yangu."

"Wewe ambaye Pestonji anasema hutumii hata msumari?"

"Nilikuwa na haraka, Saheb."

Akanigeukia. "Na huyu mpinjara aliona nini?"

Nilifungua mdomo. Wallahi nilitaka kusema. Vashrambhai akaniwahi: "Huyu alikuwa amelala, Saheb."

"Ulikuwa umelala?"

Nikasema, "Ndiyo, Saheb."

Hayo ndiyo maneno yangu yote katika jambo lile. Pestonji alibembeleza kutwa nzima mpaka amri ya kuvushwa mpaka ikafutwa. Badala yake Vashrambhai alipelekwa kwenye yadi ya mataruma miaka miwili, kubeba magogo yaliyopakwa lami, na kwenye jalada lake pakaandikwa kwamba asikabidhiwe uongozi wa mafundi wengine. Kankuben alijifungulia kwenye kibanda cha yadi. Mwaka uleule, mimi niliyekuwa nimelala niliteuliwa mkuu wa kitengo cha mito na mapazia.

Kutoka kasrini hakukuja neno, wala shukrani, wala hata Jivi. Nilimkasirikia kikongwe yule. Angeweza kusema neno moja kwa mwanawe. Vashrambhai hakukasirika, ila alikuwa kama mtu aliyepoteza njia, jioni alipita karakana, mabega yananuka lami, akaniuliza, "Unadhani alifurahi?" Nikamwambia sijui.

Jibu lilikuja baada ya miezi mitatu, na lilimchanganya kila mtu isipokuwa yeye. Ba mkubwa alitaka kwenda kuhiji, na kasri likatoa amri: kabla ya safari, behewa namba kumi na nne lizungushwe. Upande wa kaskazini ukae kusini. Pestonji alisoma amri ile mara tatu. "Lizungushwe? Kwa nini lizungushwe? Behewa si injini!" Waziri alisema bila shaka ni mambo ya wanajimu. Wanaume kumi na wawili, pamoja na wa yadi ya mataruma, walilisukuma behewa kwenye meza ya kugeuzia injini, wakalizungusha kwa mabega, wakilaani nyota zote za mbinguni.

Nilimwona Vashrambhai akisukuma na wenzake. Alikuwa anacheka mpaka machozi yanachora mistari kwenye vumbi la uso. Nilipomsogelea akasema, pumzi zimemwishia, "Upande ule ameshaumaliza, Alarakha. Sasa anataka kuona upande wa pili."

Tangu hapo Ba mkubwa akawa mcha Mungu kupita kiasi. Kila msimu alikumbuka hekalu jipya. Mji mzima ulimsifu. Alisafiri mara kumi na saba kwenye namba kumi na nne, na kila mara tulilizungusha, na hakuna aliyewahi kupewa sababu. Alifariki mwaka 1939. Kwenye mazishi yake wasomaji wa maandiko walisema hapakuwahi kuwa na mama wa kasri aliyetembelea mahali pengi patakatifu kama yeye.

Vashrambhai alirudishwa kwenye benchi lake mwaka 1934. Wakati wa vita aligeuza mabehewa tisa ya daraja la tatu kuwa ya hospitali. Amefundisha maseremala arobaini na watatu, na watatu kati yao walikuja kuwa fundi mkuu juu yake; kila mmoja wao alimwita Mistri na kumuuliza afanye nini. Kwenye namba kumi na nne yenyewe sasa wanalala mafundi wa madaraja. Hulalamika kwamba upande mmoja una vibao visivyo na kazi. Sijawaeleza.

Mwezi uliopita, tukinywa chai, nilisubiri amalize kisahani chake, nikamuuliza jambo ambalo sikuthubutu kuliuliza miaka yote. Waziri alishakufa, dola ilishakufa. Kwa nini hakumwambia mtu kwamba Ba ndiye aliyevuta mnyororo?

Alinitazama kama aliyeulizwa kwa nini maji yana majimaji. "Wangelipigilia misumari lile dirisha, Alarakha. Siku ileile."

"Na mimi? Kwa nini ulisema nimelala?"

Akafikiri. "Ulikuwa na watoto watatu," akasema. Kisha, akiwa ameanza kupapasa benchi kuitafuta penseli: "Na mto wako ulikuwa umekaa vizuri sana. Ungebonyea nusu inchi zaidi, asingeona kitu."

Mpaka sasa sijui kama alikuwa ananitania.

Vashrambhai, kwa niaba ya mafundi wote, tunakushukuru kwa kila mlango uliofunga sawasawa, na tunawatakia wewe na Kankuben siku ndefu, mikate moto na wajukuu wasio na haraka. Na mimi binafsi, mbele ya karakana nzima na wote watakaosoma jarida hili, nasema niliyotakiwa kuyasema kibarazani pale: sikuwa nimelala, bawaba ilikuwa imara, nami nakuomba radhi.